Makafi Juu! Vidokezo 8 vya Safari ya Kayaki na Marafiki

Kundi la WhatsApp limeshakubaliana, mmoja keshatuma picha za Watamu, mwingine anauliza nani atabeba spika. Safi sana! Acheni spika nyumbani, chukueni vidokezo hivi, na hiyo siku moja mliyoipata ya kwenda pwani mtaifaidi barabara. Si lazima uwe umezaliwa juu ya jahazi. Bahari yetu ya Kenya ina ratiba yake, na ukishaijua, maji yenyewe yatakufanyia nusu ya kazi.

1. Uliza mwezi kabla ya kuuliza bei

Kalenda ya ofisini haijui bahari. Tazameni ya angani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni siku za bamvua: pwani yetu maji hujaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na kupwa kwenye saa nne. Tofauti ya kupwa na kujaa siku hizo huweza kupita mita 3. Baada ya hapo, kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Haya, tupige hesabu pamoja: siku ya sita baada ya mwezi mpevu, maji yatajaa karibu saa tatu asubuhi. Hiyo ndiyo asubuhi yenu! Mnaingia majini saa kumi na mbili u nusu, maji yanayojaa yanawasukuma ndani ya hori, mnapumzika yakisimama, kisha yakianza kupwa yanawarudisha mlikotoka. Lifti ya bure kwenda na kurudi! Tena siku hizo mnakaribia maji mafu, kwa hiyo mkondo ni mpole kwa anayeanza. Saa kamili itafuteni kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini au kwenye programu ya simu. Na kumbukeni hili: katika saa sita za kujaa, zile mbili za katikati ndizo huleta nusu ya maji yote. Hapo mkondo uwe mgongoni mwenu, usiwe usoni.

2. Wahi kabla upepo haujaamka

Ndiyo, ni likizo, na ndiyo, nasema alfajiri. Asubuhi bahari huwa shwari. Jua likishachoma nchi kavu, upepo wa baharini huanza kuvuma, na alasiri kila kafi unalopiga linakuwa la kubishana nao. Miezi mitamu ni Oktoba na Novemba, majira ya matlai, na tena Februari na Machi kaskazi inapolegea. Juni hadi Agosti kusi huikoroga bahari, kwa hiyo msitoke nje ya hori.

Halafu kuna utabiri ambao hauhitaji bando. Mtafuteni mvuvi mtu mzima pale ufukweni. “Shikamoo mzee, bahari vipi leo?” Akishaitikia marahaba na kutazama mawingu, atawaambia mwisho wa kurudi ni saa ngapi. Rudini saa hiyo hiyo. Na simu ya mtu mmoja wa nchi kavu iwe na majina yenu, njia yenu na saa yenu ya kurudi.

3. Anza na maji ya ndani

Mwamba wa nje unapendeza kwenye picha, lakini mawimbi yake yana wenyewe. Hori la Mida, karibu na Watamu, limezungukwa na mikoko na halina mawimbi makubwa. Hori la Kilifi ni pana na zuri. Lakini kama mna nafasi ya kwenda mbali, nendeni Lamu! Mnavuka mkondo hadi kisiwa cha Manda, mnaingia kwenye kijia cha maji katikati ya mikoko, makafi yanakaribia kugusa mizizi pande zote mbili, na mwisho wake mnashuka kwenye magofu ya Takwa, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17. Msikiti wake bado umesimama. Sharti ni moja: kijia hicho hupitika maji yakiwa yamejaa. Mkizubaa magofuni mtarudi kwa miguu, tope hadi magotini, mkiburuta kayaki.

4. Pindukeni kwa hiari

Anayeogopa kupinduka hukaza mwili, na mwili uliokazwa ndio hupinduka haraka. Dawa yake ni dakika kumi za vicheko. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, alikaze hadi likivutwa mabegani lisipande, kisha mpinduke mmoja mmoja mahali ambapo maji yanafika kifuani. Shika kayaki, usiiache. Igeuze. Piga miguu kama unayeogelea, jivute tumbo lilale katikati yake, geuka ukae, halafu ingiza miguu. Mkishafanya hivyo mara mbili tatu, hofu yote imebaki ufukweni.

5. Mikono ipumzike, kiuno kifanye kazi

Ukiamka kesho yake huwezi kuinua kikombe cha chai, ujue ulivuta kwa mikono mitupu. Kaa wima, kanyaga pa kuwekea miguu, zungusha kiuno, chomeka kafi karibu na vidole vya miguu na ulitoe likifika kwenye nyonga. Shika kilegevu, malengelenge yakukose. Kwenye kayaki ya watu wawili, wa mbele anaweka mdundo, wa nyuma anaufuata na kuongoza chombo. Wapenzi, mmesikia? Ugomvi mwingi wa majini huanzia hapo!

6. Wa polepole ndiye nahodha

Mweke mbele. Wenye misuli wakae nyuma na pembeni, hakuna kumpita. Kwa mwendo wa starehe mtakwenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa, kwa hiyo kilomita 8 ni asubuhi nzima ukiongeza kupiga picha na kushangaa. Kila jaketi liwe na filimbi: mlio mmoja, simameni, milio mitatu, mtu anahitaji msaada.

7. Staftahi katikati ya bahari

Hapa ndipo mtakapojipongeza kwa kuja kama kundi. Sogezeni kayaki ubavu kwa ubavu, kila mtu ashike ya jirani, na mara mna jukwaa ambalo halitikisiki ovyo. Fungueni mahamri, viazi karai, tende. Maji ya kunywa ni lita mbili kwa kila mtu, yafungwe kwa kamba. Kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu, na raba kuukuu kwa ajili ya mawe makali.

Mkiwa mmetulia hivyo, tazameni huku na huku. Mida hupokea ndege weupe kwa weusi wenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, wanaokuja kutoka pwani za Bahari ya Shamu na Ghuba kupisha majira. Wakianza kuinua vichwa wote pamoja, mmekaribia mno. Kasa akiibuka, acheni kupiga makafi, apite. Nami naliomba hili kwa moyo wote: makombe na matumbawe yabaki majini. Ndani ya hifadhi ni marufuku kuyachukua, na hata nje ya hifadhi kuna kaa anayelitaka hilo kombe liwe nyumba yake.

8. Malizeni hesabu mkiwa bado na mchanga miguuni

Tumianeni pesa kwa simu hapo hapo, kabla watu hawajatawanyika na deni kuwa hadithi. Suuzeni makafi, majaketi na simu kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Na kama kizibo cha kayaki kimelegea au kafi lina ufa, mwonyesheni mwenyewe pale pale, alitengeneze kabla ya kundi la kesho asubuhi.