Anza na malisho ya karibu na boma

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37. Nilizaliwa Kajiado mjini, sasa naishi Kitengela na kila siku nasafiri hadi Nairobi kwa kazi ya uhasibu. Zamani nilipenda sana kusoma. Tangu nijifungue kitindamimba wangu, miaka minne sasa, sijamaliza kitabu hata kimoja. Nanunua vitabu vinavyosifiwa, nafika ukurasa wa kumi na tano, macho yanapita juu ya maneno bila kushika kitu, halafu nachukua simu. Mwezi uliopita mwenzangu kazini aliniazima riwaya nyepesi ya mapenzi, ya Kiingereza, aliyoinunua mitumba. Niliimaliza kwa siku nne, nikicheka peke yangu kwenye matatu. Sasa niko kwenye ya tatu. Mume wangu anasema hivyo ni vitabu vya wasichana wa sekondari, na katika kikundi chetu cha wasomaji nimeona haya hata kuvitaja. Nikisoma, nafunika jalada kwa gazeti. Je, niache nirudi kwenye vitabu vya maana? — Aliyekwama, Kitengela.

JIBU: Usiache, na hilo gazeti liondoe. Wewe ni mzaliwa wa Kajiado, kwa hiyo huenda unaijua desturi ya wafugaji wa Kimaasai ya kutenga kipande cha malisho jirani na boma. Wanakiita olopololi. Ng'ombe wenye nguvu hupelekwa mbali, na nyasi za hapo karibu huwekewa ndama pamoja na mifugo iliyodhoofishwa na ugonjwa au kiangazi. Hakuna mfugaji anayeona aibu kumlisha mnyama hapo. Aibu ingekuwa kumswaga mnyama asiye na nguvu hadi malisho ya mbali, akaangukia njiani, kisha mwenyewe akamlaumu kwa uvivu. Hamu yako ya kusoma imepita kiangazi cha miaka minne, nawe umekuwa ukiiswaga mbali kila mara unaponunua kitabu kizito. Riwaya uliyoazimwa ni nyasi za karibu. Ndiyo maana imeshika.

Tuangalie kwanza kilichokukwamisha, kwa sababu barua yako inasomeka kana kwamba akili imepungua. Haijapungua. Mtu anayefunga hesabu za ofisi kila mwezi hana akili iliyochoka kufikiri. Kilichochoka ni ule uwezo wa kubeba kitu kimoja kichwani kwa muda mrefu bila kukatizwa. Unatoka Kitengela kabla ya mapambazuko, unaishika barabara ya Namanga pamoja na malori, unapita Athi River na Mlolongo kwa mwendo wa kusimama na kwenda, unakaa na tarakimu mchana kutwa, halafu jioni unarudi kwenye kazi za shule za mtoto na chakula cha usiku. Riwaya nzito inakudai ukumbuke majina ishirini, nyakati tatu zilizochanganywa, na jambo lililodokezwa ukurasa wa nne ambalo litaeleweka ukurasa wa mia mbili. Riwaya nyepesi ya mapenzi inakuletea watu wawili, kizuizi kimoja, na ahadi kwamba mwisho utakuwa mwema. Ukikatizwa na kondakta anayedai nauli, unarudi na kuwakuta wale wawili palepale ulipowaacha. Kwa sababu mwisho unaujua, hubebi hofu, na nguvu ambayo hofu ingeila inabaki kwa ajili ya kusoma.

Kuna sababu nyingine, na hii ni yetu Wakenya wengi. Tulifundishwa kusoma kwa ajili ya mtihani. Riwaya iliyoingia darasani ilikuwa kitabu teule, na kitabu teule kilisomwa kwa kalamu mkononi: maudhui, sifa za wahusika, mbinu za lugha, na dondoo la kuwekwa katika muktadha wake. Walimu wetu walitufanyia kazi kubwa na siwalaumu. Lakini mtu aliyesoma hivyo miaka minne ya sekondari hutoka akiamini, bila kujua kwamba anaamini, kuwa kila kitabu kina mtahini aliyekaa nyuma yake. Ndiyo maana unaficha jalada. Hakuna mtu ndani ya matatu atakayekuuliza swali la alama kumi kuhusu kitabu hicho. Unapocheka peke yako pale kwenye kiti, unasoma bila mtahini, pengine kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na raha hiyo ndiyo inayomrudisha mtu kwenye kitabu kesho yake.

Ushahidi wa jambo hili upo. Mwaka 1994 watafiti Kyung-Sook Cho na Stephen Krashen walichapisha utafiti mdogo kuhusu wanawake wanne wahamiaji nchini Marekani, ambao hawakuwa na mazoea ya kusoma Kiingereza kwa raha. Walianzishiwa hadithi za Sweet Valley High, za wasichana wa sekondari na mapenzi yao, zikawa ngumu mno. Wakashushwa hadi Sweet Valley Kids, zilizoandikwa kwa watoto wa madarasa ya chini ya shule ya msingi. Hapo ndipo walipoanza kusoma kwa hamu, kitabu baada ya kitabu, na msamiati wao ukakua. Mwaka 1995 watafiti hao walitoa makala nyingine iliyoonyesha safari ya kutoka vitabu hivyo vya watoto hadi riwaya za mapenzi za Harlequin ndani ya mwaka mmoja. Wanne ni wachache, na kikwazo chao kilikuwa lugha, ilhali chako ni uchovu. Hata hivyo, wanawake watu wazima walipewa kitu rahisi na cha kupendeza, nao wakapanda wenyewe. Hawakubaki chini kwa kuwa walianzia chini.

Najua wenzako wa kikundi watakachosema: kwamba hizo ni takataka, na kwamba msomaji mzima anajishusha. Hoja hii ni ya zamani hapa kwetu, na historia imekwisha kuijibu. Mwaka 1965 mwandishi Taban lo Liyong alilalamika kwamba Afrika Mashariki ni kame kifasihi. Miaka sita baadaye Charles Mangua alitoa Son of Woman, kitabu cha mjini chenye ulimi mwepesi, kikanunuliwa na watu ambao kwa kawaida hawakununua riwaya. David Maillu akaanzisha shirika lake la uchapishaji, Comb Books, na kuuza vitabu vya mapenzi na pombe kwa wingi hadi Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976. Wachapishaji wa Heinemann nao wakaanzisha mfululizo wa Spear mwaka 1975, ambamo Rosemarie Owino alitoa Sugar Daddy's Lover. Wahakiki wakubwa, marehemu Profesa Chris Wanjala akiwa mmojawapo, walizishutumu vikali hadithi za namna hii. Shutuma nyingine zilikuwa za haki, maana baadhi ya vitabu hivyo viliwachora wanawake vibaya. Lakini karani aliyenunua kitabu kwa hiari yake, akakisoma na kumpa jirani, hakuiharibu fasihi. Bila watu wa namna hiyo waandishi wazito pia wasingekuwa na wa kuwasoma. Maillu mwenyewe baadaye aliandika For Mbatha and Rabeka, hadithi ya mapenzi iliyotoka mwaka 1980 katika mfululizo wa Pacesetters, na ilisomwa na vijana wengi ambao leo ni wazazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba riwaya hizi hudanganya kuhusu mapenzi, na mke anayezisoma ataanza kumpima mumewe kwa kijana wa jaladani. Janice Radway, mtafiti Mmarekani, alilichunguza jambo hili katika kitabu chake Reading the Romance cha mwaka 1984. Aliongea na wanawake wa mji alioupa jina la Smithton ili kuwasitiri, wasomaji wakubwa wa riwaya za mapenzi, wengi wao wake na akina mama. Walijua vizuri kabisa kwamba zile ni hadithi. Walichokithamini kwanza ni tendo lenyewe la kusoma: muda ambao hakuna mtu anayewaomba chakula, nguo au jibu. Wao, waliokuwa wakiwatunza watu wote nyumbani, kitabu kiliwapa nafasi ya kutunzwa kidogo. Mweleze mumeo hivyo, kwa upole, na umwambie kwamba unachokitafuta kwenye kurasa zile ni nusu saa ya kupumua. Nadhani atakuelewa, hasa akiona unaingia nyumbani ukiwa na uso mkunjufu kuliko ulivyokuwa ukitoka kwenye simu.

Hata hivyo, sehemu ya pingamizi hilo naikubali, na sitakuficha. Zipo riwaya, hasa za miaka ya nyuma, ambamo mwanamume anamlazimisha mwanamke, anamdhalilisha, kisha mwandishi analiita jambo hilo mapenzi makali. Ukikutana na kitabu cha namna hiyo, kifunge. Wepesi ninaoutetea ni ule wa watu wawili wanaotaniana, wanaokosana kwa sababu ya kiburi au barua iliyochelewa, na wanaoishia kuheshimiana. Kuhusu malalamiko kwamba vitabu hivi vyote ni vya madaktari wa London na mashamba ya Australia, nayo yameanza kujibiwa. Mwaka 2014 mchapishaji Bibi Bakare-Yusuf alianzisha Ankara Press nchini Nigeria, kwa riwaya za mapenzi za miji ya Afrika na wanawake wenye kauli yao. Katika mkusanyiko wao wa Siku ya Wapendanao mwaka 2015 kulikuwa na hadithi ya Mkenya Binyavanga Wainaina, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Elieshi Lema wa Tanzania. Mapenzi yetu, kwa lugha yetu, yanaweza kuandikwa bila kilio.

Nasema bila kilio kwa makusudi, kwa sababu Kiswahili kina upungufu hapa ambao waandishi na wachapishaji wanapaswa kuuziba. Riwaya zetu maarufu zinazogusa mapenzi ni nzuri, lakini ni za kuumiza: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971 inaishia kwenye kifo, na Utengano ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980 inampitisha Maimuna kwenye mateso marefu. Mtu aliyechoka hawezi kuanzia hapo. Lakini furaha ya mapenzi si ngeni katika lugha hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliyatungia mapenzi mashairi karne mbili zilizopita, na taarabu imejaa utani na mafumbo ya wapenzi ambayo harusi nzima huyapokea kwa vigelegele. Kilichokosekana ni kuibeba furaha hiyo hadi kwenye riwaya ya kurasa mia mbili inayouzwa kwa bei ya kawaida Kitengela. Kikundi chenu kingefanya jambo la maana kama kingewadai wachapishaji kitabu cha namna hiyo.

Limebaki swali linalokusumbua kuliko yote: je, nitabaki hapa milele? Ndama wa olopololi hafukuzwi ili atoke. Akipata nguvu, hizo nyasi fupi humpungukia, naye huanza kulifuata kundi. Msomaji naye akishaizoea njia ya wapenzi wawili na kizuizi kimoja, huanza kuibashiri mapema, na siku moja atatamani kizuizi kigumu zaidi. Hapo ndipo utakapoipenda Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, yenye safari na mapenzi ndani yake, au Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999, ambapo penzi la Yasmin na Denge linakokotana na siasa za Zanzibar. Na kama utabaki na riwaya nyepesi maisha yako yote, bado utakuwa mtu anayesoma kila siku, jambo ambalo miaka minne iliyopita lilikushinda.

Sasa mambo ya kutenda. Riwaya nyingi za mapenzi za Mills & Boon zina kurasa 190 hivi na zinaingia ndani ya mkoba. Ukisoma kurasa kumi ukienda kazini na kumi ukirudi, kwa siku tano za kazi unapata mia moja, na kabla wiki ya pili haijaisha umemaliza kitabu. Nunua cha karatasi, kwenye meza za vitabu vya mitumba. Chagua hata kile ambacho uti wake umefungwa kwa seloteipu na bei imeandikwa kwa penseli kwenye ukurasa wa kwanza, maana seloteipu hiyo ni ishara kwamba kimesomwa na wengi. Simu ikae ndani kabisa ya mkoba, chini ya kitabu, ili mkono ukiingia ukutane na kitabu kwanza. Kitabu kisichokuvuta kufikia ukurasa wa ishirini kiache bila kujilaumu, na kama uliazimwa, umrudishie mwenyewe. Vile vizito ulivyonunua usivigawe. Vipange mahali unapoviona, na usivifungue hadi mwenyewe uvitamani.

Na katika mkutano ujao wa kikundi chenu, zamu yako ikifika, nenda na hiyo riwaya ya tatu, jalada likiwa wazi, uwasomee ule ukurasa uliokuchekesha kwenye matatu.

— Shangazi