Kinga ya lami na ya mawe: utachagua namna gani?



Kila mwaka, mvula zinapoanza, hapa dispanseri tunapokea watu walioanguka na kinga. Huyu mkono umevimba, yule amevunja mfupa wa bega. Ukiwauliza, wanajibu: «Njia ni mbaya.» Kweli, ni mbaya. Lakini tukitoka kuangalia kinga yenyewe mlangoni, mara nyingi tunaona shauri lilianza siku ya kununua.

Mimi pia nilikosa. Nilinunua kinga ya mbio, okazo ya Ulaya, nyekundu, nyepesi sana, mipira yake milimita 25 tu. Kwenye lami ilipita kama upepo. Siku ya sita niliachia kamio njia, nikatoka pembeni, gurudumu la mbele likazama ndani ya changarawe, nami nikaruka juu ya gido. Wenzangu wa dispanseri walinishona kidevu huku wanacheka.

Wengi wetu tunapita njia mbili kwa safari moja: lami kutoka kampi, halafu udongo mwekundu na mawe. Huko Ulaya na Marekani wanatengeneza kinga za njia za namna hiyo, wanaziita gravel, maana yake changarawe. Mwaka 2022 walizifanyia mashindano ya kwanza ya dunia, huko Italia. Sisi hatutafuti kushindana na mtu. Tuchukue akili yake tu, hata kama kinga utakayopata haina jina hilo.

Anza na mipira. Kando ya mpira wa nje kuna namba, kwa mfano 40-622. Hiyo 40 ni unene wa mpira kwa milimita. Kwa lami na mawe pamoja tafuta 38 mpaka 45. Mpira mnene hautaki upepo mwingi. Unameza mawe, haurukiruki juu yake. Lakini usiulegeze mpaka janti igonge jiwe, maana mpira wa ndani utatoboka. Angalia pia nafasi kati ya mpira na vyuma vinavyoshika gurudumu: kidole kidogo kipite. Kisipopita, matope yatafunga gurudumu.

Namba ya pili ndiyo inayodanganya watu. Ni kipimo cha janti pale mpira unapokaa. Kinga nyingi nyeusi za zamani, zile za freni za fimbo, ni 635. Nyingi za kisasa ni 622. Muuzaji anaziita zote «28». Tofauti ni milimita 13, macho hayaioni, lakini mpira wa 635 utachezacheza kwenye janti ya 622 na kutoka njiani. Kwa hiyo kabla ya kulipa, zunguka soko, uliza kama mipira ya namba hiyo inapatikana. Kinga nzuri isiyo na mpira ni chuma cha kutegemeza ukutani.

Freni. Janti ya chuma ikilowa, unabana na kinga inaendelea kwenda. Ya aluminiamu inashika vizuri zaidi. Freni za diski ndizo bora wakati wa matope, maana diski inakaa katikati ya gurudumu. Ukizipata, chukua zinazovutwa na kamba. Fundi wa kinga yeyote atabadili kamba. Zile za mafuta zinataka vifaa ambavyo yeye hana.

Vitesi viwepo vyepesi vya kupandia mlima. Havihitaji kuwa vingi.

Sasa mwili wako. Simama juu ya kinga, nyayo zote mbili chini: kati yako na chuma cha juu vibaki vidole viwili au vitatu. Ukikaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini, mguu unyooke. Kiti kikiwa chini mno, magoti yatauma. Vidole viwili vya mwisho vikifa ganzi, mshipa wa fahamu unabanwa kiganjani: pandisha gido, badilisha mahali pa kushika. Gido la chini ni la mshindani, si la mtu aliyemaliza saa nane kazini.

Kama mama naye ataitumia kwenda shambani, asibaki nyumbani siku ya kununua. Chagueni kwa kipimo cha aliye mfupi: kiti kinapanda, chuma cha juu hakishuki. Mtafute nyuma matundu ya kufungia portbagaji, kinga nyingi nyepesi hazina. Na kinga ya kaboni msiinunue okazo; inaweza kupasuka ndani bila kuonekana.

Bakizeni pesa ya taa ya nyuma na kofia. Halafu, baba, usiende nayo kazini siku ya kwanza. Ipitishe njia yote Jumapili asubuhi, bila mzigo. Pale lami inapoishia, shuka, bana freni moja moja, kaza nati za magurudumu, ndipo uingie kwenye mawe.