Mtaka cha Mvunguni: Somo la Kuchagua Drili ya Kona



Leo tumechagua kuzungumza juu ya chombo kimoja kidogo cha kazi, yaani drili ya umeme ya kona. Huenda wako watakaouliza: chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na drili? Si kazi ya muuza duka hiyo? Jibu letu ni fupi. Mkono unaoishika drili ni wa mfanyakazi, na ukivunjika ni wa mfanyakazi vilevile. Kwa hiyo kujua chombo kipi kinafaa mahali gani ni haki yetu, na pia ni wajibu wetu.

1. Mahali panapotubana

Kila fundi wa Bujumbura anapajua mahali pa namna hiyo. Katika gereji za Buyenzi ni chini ya lori, kati ya chesisi na tangi la upepo wa breki. Bandarini ni ndani ya chumba cha injini cha meli ya ziwa, ambamo mtu huingia kwa ubavu. Katika viwanda vya chai, kama vile Teza na Rwegura, ni nyuma ya mashine, karibu na ukuta. Wenzetu wa kiwanda cha sukari huko Moso nao wana pembe zao za namna hiyo.

Drili ya kawaida ina urefu wa sentimita 25 hivi. Ongeza biti inayotokeza mbele kwa sentimita 7, utahitaji nafasi ya sentimita 32 kabla hata hujaweka mkono wako nyuma yake. Lakini nafasi iliyopo ni sentimita 15. Fundi atafanya nini? Wengine huilaza drili upande. Tundu likatoka limeinama na biti ikakatika. Wengine huondoa mshikio wa pembeni ili drili ipenye, wakaishika kwa mkono mmoja. Hapo ndipo biti inaponasa na kiwiko au kidole kikalipa.

Msimamizi akiona kazi imechelewa husema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hiyo ni ya kweli, nasi hatuikatai. Lakini wazee walisema ainame. Hawakusema avunje mgongo. Kama mahali ni pembamba, chombo ndicho kinachopaswa kuinama kwanza, kabla ya mtu.

2. Drili ya kona ni nini?

Drili ya umeme ya kushikwa mkononi si kitu kigeni. Kampuni ya Fein ya mji wa Stuttgart, Ujerumani, ilitengeneza ya kwake mwaka 1895. Drili ya kona ni ndugu yake. Mota imelala ndani ya mshikio mrefu, na mwisho wa mshikio huo kuna kichwa kifupi ambacho biti hutokea kwa ubavu, kwa pembe ya nyuzi 90.

Fundi wa magari ataielewa mara moja. Ndani ya kichwa hicho kuna giya mbili zenye meno yaliyokatwa mshazari, moja ndogo na moja kubwa, kama zile za difu ya lori. Katika lori, propela inazunguka kwa urefu wa gari, na difu inaugeuza mzunguko huo uelekee kwenye magurudumu. Drili ya kona hufanya jambo lilelile kwa udogo.

Kwa nini tunazungumza juu ya ile ya waya, na si ya betri? Kwa sababu betri huchoka, na siku ikifa ni lazima utafute ya aina ileile kabisa. Wakati mwingine bei yake hukaribia bei ya drili yenyewe. Drili ya waya hufanya kazi kutwa nzima bila kupungua nguvu, madhali umeme upo. Lakini iko kazi ambayo drili ya waya haifai hata kidogo, nasi tutaieleza hapo chini.

3. Pima kabla ya kwenda dukani

Kosa la kwanza ni kwenda dukani bila kipimo. Chukua futi, upime nafasi kati ya mahali pa tundu na kizuizi kilicho nyuma. Andika. Kisha andika upana wa tundu unalotaka na unene wa chuma au ubao.

Tufanye hesabu pamoja. Nafasi yako ni milimita 150. Dukani unapima kichwa cha drili ya kona, kuanzia mgongo wake hadi ncha ya mdomo unaoshika biti, unakuta milimita 100. Unataka tundu la milimita 6. Biti ya kawaida ya milimita 6 ina urefu wa milimita 93. Ukitoa milimita 25 zinazoingia mdomoni, zinabaki 68. Jumla yake na kichwa ni 168. Haiingii!

Je, drili ni mbaya? Hapana. Zipo biti fupi, zilizotengenezwa kwa kazi hii hasa. Biti fupi ya milimita 6 ina urefu wa milimita 66. Ukitoa 25 zinabaki 41, na jumla ni 141. Sasa inaingia, na milimita 9 zinasalia. Hivyo biti fupi iliyonunuliwa kwa pesa kidogo inaweza kukuokoa usinunue drili nyingine. Pima kichwa na biti kwa pamoja, usipime kimoja peke yake.

Tazama pia mdomo wenyewe. Mdomo unaokazwa kwa ufunguo kwa kawaida ni mfupi kuliko ule unaokazwa kwa mkono, nao hushika kwa nguvu. Ubaya wake ni kwamba ufunguo hupotea. Dawa yake ni kuufunga kwenye waya karibu na plagi. Ukiutaka itakubidi uchomoe plagi kwanza, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa kila unapobadilisha biti.

4. Soma kibao cha maelezo

Kila drili ina kibao kidogo ubavuni. Usilipe kabla hujakisoma.

Volti. Umeme wetu ni volti 220. Katika maduka na kwa wachuuzi wa vitu vilivyokwisha tumika zimo drili za volti 110 au 120, zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani au kwa ajili ya sehemu za ujenzi huko Uingereza. Ukiichomeka moja kwa moja katika umeme wetu itaungua.

Wati. Kwa drili ndogo ya kona, wati 400 hadi 500 zinatosha kutoboa chuma cha kawaida hadi milimita 10. Tundu likiwa pana zaidi, anza na biti ndogo, kisha panua, au tafuta mashine kubwa zaidi.

Mizunguko kwa dakika. Hapa iko kanuni rahisi kwa chuma cha kawaida: gawanya 8,000 kwa upana wa biti. Biti ya milimita 10 yataka mizunguko 800 hivi. Ya milimita 5 yataka 1,600. Ukizidisha mno, biti itabadilika rangi ikawa ya buluu na makali yatakufa. Kwa hiyo chagua drili ambayo swichi yake inaongeza mwendo polepole kadiri unavyoibonyeza, na yenye kugeuza mzunguko ili kutoa biti iliyonasa.

Alama ya mraba ndani ya mraba. Alama hii maana yake ni kwamba drili imekingwa mara mbili, umeme usifike kwenye mkono wa mtu. Drili isiyo na alama hii yapasa kuwa na waya wa tatu, yaani waya wa ardhi, na soketi nayo iwe na ardhi ya kweli.

Plagi. Soketi zetu ni za vijiti viwili vya mviringo. Drili zinazotoka Kenya au Tanzania mara nyingi zina plagi ya vijiti vitatu vya pembe nne. Badilisha plagi kwa njia iliyo sawa. Kukata plagi na kuchomeka nyaya tupu kwenye soketi ni kujiandalia ajali.

5. Ijaribu kabla ya kulipa

Omba iwashwe dakika moja. Sikiliza: giya zikikwaruza, iache. Zima, kisha shika mdomo na uutikise. Ukicheza sana, beringi zimekwisha. Gusa kichwa, kikiwa kimepata moto bila kazi yoyote, iache. Cheche kidogo karibu na kaboni ni kawaida, lakini cheche kubwa zenye harufu ya kuungua si kawaida. Muulize mwuzaji kama kaboni zake zinapatikana mjini, kwa maana hizo ndizo zitakazokwisha kwanza. Mwisho, kunja waya pale unapoingilia kwenye mshikio. Kama mpira umepasuka, usikubali kuambiwa kwamba utafungwa tepu.

6. Namna ya kuishika

Biti inapotoboa huzunguka kama mishale ya saa, kwa anayeitazama kutoka nyuma. Ikinasa ghafla, mwili wa drili hurushwa kinyume cha mishale hiyo. Fikiria uso wa saa mbele yako, na mkia wa drili umeelekea kwenye namba 6. Biti ikinasa, mkia utarushwa kuelekea namba 3. Kama kidole chako kiko upande huo, kati ya drili na chesisi, kitasagwa.

Basi ugeuze udhaifu huo uwe msaada. Kabla ya kuanza, egemeza mkia wa drili kwenye chuma kigumu upande ule utakaorushwa, na mikono yako iwe upande mwingine. Hivyo drili haina nafasi ya kupata kasi. Ukigeuza mzunguko ili kutoa biti, kumbuka kwamba upande wa hatari nao umegeuka.

Vaa miwani, hasa unapotoboa juu ya kichwa chako, maana vumbi la chuma huanguka machoni. Usivae glovu pana wala mikono mirefu inayoning'inia. Usichangie waya mmoja na mashine ya kuchomelea. Umeme hushuka kila inapochomelea, na drili ikikosa nguvu katikati ya tundu hunasa.

7. Mahali ambapo drili ya waya isiingie

Ndugu, hapa tunaomba msome mara mbili. Ndani ya tangi la chuma, boila, au sehemu ya chini ya meli yenye maji, mwili wako wote unagusa chuma. Waya ukikatwa na ukingo mkali, umeme utapita kifuani mwako kwenda kwenye chuma hicho. Mahali hapo tumia drili ya upepo au ya betri. Kama hakuna budi kutumia ya waya, itumiwe kwa transfoma maalumu inayoitenganisha na umeme wa mtandao, na transfoma hiyo ibaki nje ya tangi. Swichi ya kinga ya miliampea 30 ni msaada mkubwa katika karakana, lakini isikupe ujasiri wa kuingia tangini.

Na karibu na tangi la petroli? Cheche za kaboni zinatosha kuwasha mvuke wake. Hapo si ya waya wala ya betri. Tangi lifunguliwe na kupelekwa mbali kwanza, hata kama kazi hiyo itachukua nusu siku.

8. Nani anunue?

Katika kiwanda, chombo cha kazi kinunuliwe na mwajiri. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwezi Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, hata kama haikutia sahihi mkataba wenyewe. Burundi ni mwanachama tangu mwaka 1963.

Kwa hiyo msiende kwa mwajiri na malalamiko matupu. Nendeni na karatasi: nafasi ni milimita 150, tundu ni milimita 6, drili iliyopo haiingii, hii hapa inayofaa. Kipimo kilichoandikwa ni kigumu kukataliwa. Na ajali ikitokea, hata ya kidole kimoja, iandikwe na itangazwe kwa INSS, isiishie kwenye kitambaa na dawa ya kidonda.

Kwa mafundi wanaojitegemea, watano au sita wanaweza kuchangiana drili moja ya kona, kwa sababu si chombo cha kila siku. Lakini awepo mmoja mwenye wajibu wa kukagua waya wake kila asubuhi.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni mahali gani katika kazi yenu ambapo drili hushikwa kwa mkono mmoja? Pamekwisha pimwa?
2. Nafasi ni milimita 160 na kichwa cha drili ni milimita 100. Biti ya milimita 6 ya kawaida itaingia? Na ile fupi?
3. Katika karakana yenu, nani hukagua nyaya na plagi, na mara ngapi?
4. Msimamizi akikuamuru uingie tangini na drili ya waya bila transfoma, utamjibu nini, na mwakilishi wenu atasimama wapi?

Yajadilini wakati wa mapumziko, na majibu ya swali la kwanza yaandikwe. Orodha hiyo ndiyo ya kumpa mwajiri.