Vyeti Vitangulie Safari: Mwongozo kwa Mwalimu wa Kiingereza Anayeomba Kazi Dubai

Mwalimu anaweza kufanya vizuri kwenye usaili, kisha nafasi ikampita kwa sababu shahada yake haina mihuri inayotakiwa, au jina la kwenye cheti halilingani na la kwenye pasipoti. Kwa hiyo maandalizi yaanzie nyumbani, ikiwezekana mwaka mzima kabla ya safari.

1. Ijue shule unayoiomba
Shule binafsi za Dubai husimamiwa na mamlaka ya elimu iitwayo KHDA, na mwalimu hufundisha kwa idhini yake. Nyingi hufuata mtaala wa Uingereza, India, Marekani au ule wa kimataifa wa IB. Za mtaala wa India kwa kawaida hufungua mwaka Aprili. Nyingi za mitaala mingine, mwishoni mwa Agosti au Septemba. Hesabu miezi kurudi nyuma kutoka hapo. Ripoti za ukaguzi za KHDA ziko wazi kwa umma: isome ya shule unayoilenga, kisha barua yako ionyeshe utakavyosaidia pale walipoambiwa warekebishe.

2. Linganisha majina
Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, shahada na pasipoti. Kama kimoja kinasema Mwanaisha na kingine Aisha, au jina la babu limo huku, kule halimo, shughulikia sasa kwa hati ya kisheria. Marekebisho haya ni rahisi ukiwa Mombasa au Tanga kuliko ukiwa ng'ambo.

3. Fuata mlolongo wa mihuri
Shahada huthibitishwa kwanza nchini ilikotolewa, ikiishia Wizara ya Mambo ya Nje. Kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu, nchi iliyomo Dubai, ulioko Nairobi na Dar es Salaam. Mwisho Wizara ya Mambo ya Nje ya Falme hizo. Usiruke hatua. Omba pia cheti cha mwenendo mwema: Kenya hutolewa na idara ya upelelezi, DCI, Tanzania na Jeshi la Polisi. Mwalimu wa Kenya aambatanishe cheti cha usajili cha tume ya walimu, TSC.

4. Thibitisha Kiingereza chako
Kwa kuwa hatukuzaliwa katika nchi za Kiingereza, shule nyingine zitadai ushahidi. Mtihani wa IELTS hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na matokeo yake hudumu miaka 2. Usiifanye mapema mno. Cheti cha kufundisha Kiingereza cha CELTA, chenye saa 120 au zaidi za mafunzo, huongeza uzito, lakini hakichukui nafasi ya shahada ya ualimu.

5. Pima mkataba kabla ya kutia saini
Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu Na. 33 ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri. Wakala akikudai "pesa za viza", simama hapo hapo. Hakiki usajili wake: Kenya kwa mamlaka ya ajira, NEA, Tanzania kwa wakala wa serikali wa huduma za ajira, TaESA. Usianze kazi kwa viza ya matembezi, hata ukiahidiwa kubadilishiwa baadaye.

Kisha pima mshahara, unaolipwa kwa dirhamu. Dola 1 ya Marekani ni dirhamu 3.6725, kiwango kisichobadilika tangu 1997. Hivyo dirhamu 6,000 ni kama dola 1,630. Uliza kama nyumba, bima ya afya na tiketi vimo. Angalia hasa mshahara wa msingi, maana kiinua mgongo hukokotolewa kwa huo peke yake: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Posho kubwa juu ya msingi mdogo itakupunja siku ya kuondoka. Kipindi cha majaribio hakizidi miezi 6.

6. Kabla ya kupanda ndege
Waachie ndugu zako nakala ya mkataba, pasipoti na anwani ya shule. Ukifika, pasipoti ikae kwako. Sheria ile ile ya kazi Na. 33 inamkataza mwajiri kuzishikilia hati za mfanyakazi.