Ua wa sipresi: kata mapema, kata kijani

Shika tawi la sipresi kwa mikono miwili, ulipanue, uangalie ndani. Nje ni kijani, ndani ni vijiti vya kahawia visivyo na jani. Kijani kinapoishia, mkasi wako uishie hapo. Minyaa ukiifyeka hadi shinani itachipua. Sipresi ukiikata kwenye kahawia haichipui tena.

Kwa hiyo usingoje ua ukupite kichwa ndipo utafute panga. Punguza kidogo mara mbili kwa mwaka. Kwetu Fizi na Baraka, kata mvua zikishashika, mwezi wa 10 au wa 11, kisha mwezi wa 3. Kiangazi cha mwezi wa 6 hadi wa 8, uache upumzike. Jua kali huchoma majani yaliyozoea kivuli.

Noa makali kwanza. Panga butu huchana tawi, na ugonjwa hupitia hapo. Ukitoka kwenye mti mgonjwa, futa makali kwa maji ya javeli.

Funga kamba kati ya vigingi viwili, ukate ukiifuata. Chini pawe papana kuliko juu. Wengi hufanya kinyume: juu panatanuka, chini panakosa mwanga na kukauka, na mbuzi wa jirani wanapita kwenda kwenye mihogo yako.

Kimo cha mita 2 kinatosha nyumbani. Kilele usikiguse mpaka kifike unapotaka, halafu kikate sentimita 15 chini ya hapo. Matawi ya juu yatajaza.

Ukiwa Baraka, kumbuka sipresi ni mti wa baridi. Ziwa Tanganyika liko mita 773 tu juu ya usawa wa bahari. Milimani kuelekea Minembwe ndiko mti huu hustawi. Miche michanga inywe ndoo nzima taratibu, mara moja au mbili kwa wiki, kiangazi chote. Tandaza maganda ya mpunga shinani, yasiguse gome. Kama bado hujapanda na kiwanja chako ni mchanga mtupu wa ufukweni, mimi nakushauri minyaa. Jihadhari tu utomvu wake usikuingie machoni.

Adui mkubwa ni kidukari wa sipresi. Alionekana Malawi mwaka 1986, akafika Kenya mwaka 1990, na ameua miti mingi katika ukanda wetu. Ukiona ua unakauka kwa mabaka, matawi yananata, sisimizi wanapanda na kushuka na majani yamepakwa masizi meusi, geuza kitawi. Utawakuta vidukari wamejipanga kwenye gome. Kata matawi hayo, uyachome mbali na ua, maana sipresi kavu hushika moto upesi. Jioni nyunyiza maji ya sabuni hadi ndani. Rudia baada ya wiki.

Pengo likibaki, vuta matawi mabichi ya pande zote mbili uyafunge kwa kamba mpaka yashikane. Mche mpya katikati ya miti mikubwa hunyang'anywa maji na mizizi ya wenzake.

Una shaka kama mti umekufa? Kwaruza gome kwa ukucha. Pakiwa na unyevu wa kijani, subiri mvua. Pakiwa pakavu kutoka kileleni hadi shinani, ung'oe sasa, usiwaachie wadudu makao.