Presha Hupimwa Hata Kwenye Mazoezi
Ndugu mkazi wa kambi, je, wajua presha yako ni ngapi? Presha kubwa ya damu mara nyingi haina dalili, mpaka mtu anapopooza ghafla. Huko Kigali, wakazi wa Kacyiru na mitaa mingine wana nafasi nzuri: tangu Mei 2016, baadhi ya Jumapili asubuhi barabara kadhaa hufungwa kwa magari, watu na vikundi vya michezo hukimbia, na wahudumu wa afya hupima presha na sukari bure. Asiyeweza kukimbia hutembea, naye hupimwa. Ukiambiwa 140/90 au zaidi, usiogope. Nenda zahanati siku nyingine upimwe tena. Timu yenu ikiwa na mechi, mwombeni mhudumu wa afya aje na mashine yake.