SOMO KUTOKA ZIWA TANGANYIKA

Wananchi wa visiwani wanaotegemea uvuvi wana somo la kuzingatia kutoka Mkoa wa Katavi. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana.

Kwa mvuvi wa Karema au Ikola asiye na shamba, miezi hiyo mitatu ni mizito. Hata hivyo, nyavu za macho madogo huwanasa samaki wachanga kabla hawajazaa, na riziki ya mwakani hupotea.

Ziwa hilo ni la Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Samaki hawajui mpaka. Basi kufunga huleta faida pale wote wanapotii, na wavuvi wanapoandaliwa kazi nyengine mapema. Akiba haiozi.